Karatasi ya Pipi kwenye Fyuzi

Kila jioni Chiriku alikuwa na kazi zile zile: kufagia, kuosha vyombo, kubandika maji ya baba ya kuoga, halafu kukaa dirishani kusubiri simu ya mama. Jina la Chiriku alipewa na mama yake mwenyewe, kwa sababu ya kusema bila kituo. Siku hizi lingemfaa mtu mwingine. Mama alikuwa mbali akimuuguza bibi, na baba, dereva wa bodaboda, alirudi hoi, akala, akaoga, akalala na kuku. Nyumba ilibaki kimya, na mwenye kusema ndani yake ilikuwa saa ya ukutani peke yake.

Simu ya mama ikija, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Huna shida, mwanangu?"

"Sina, mama."

Uongo mtupu! Lakini Chiriku aliona mama ana mzigo wa kumtosha. Simu ikikatika, alijifunika shuka gubigubi akalia mpaka usingizi umchukue.

Alhamisi moja umeme ulikatika mtaa mzima, na simu haikuwa na chaji hata chembe. Baba alikuwa keshalala. Chiriku akachukua ufunguo wa pikipiki, akanyata hadi uani. Karibu na usukani kulikuwa na soketi ya kuchajia simu. Akawasha swichi, akachomeka chaja. Wapi! Soketi ilikuwa imejaa vumbi. Basi akachomoa pini ya nywele kichwani, akaanza kuikwangua kwa ndani, na swichi bado imewashwa. Jamani! Cheche zikaruka, taa za pikipiki zikazimika zote, na pini ikatoka bila ncha.

Mtoto mwingine angemwamsha baba yake. Chiriku aliogopa kwamba baba angeichukua simu, na bila simu ile asingemsikia mama tena. Akakumbuka alivyowaona madereva kijiweni: fyuzi ikiungua, wanaizungushia karatasi ya pipi, ile ya kung'aa kama bati, kisha hao, safari inaendelea. Naye akafanya hivyo hivyo. Taa zikarudi, simu ikapata chaji, mama akapiga.

"Huna shida?"

"Sina, mama."

Kesho yake, Chiriku alipotoka shule, alimkuta baba akiingia uani anaisukuma pikipiki, jasho linamtiririka.

"Imenifia barabarani," baba alisema. "Waya umetoa moshi. Na kesho ndiyo siku ya kwenda kwa mama yako!"

Moyo wa Chiriku ulishtuka, pa! Siku ya kumwona mama ameingoja muda mrefu, halafu aiharibu kwa mikono yake mwenyewe? Akaenda nyuma ya pikipiki kusaidia. Waliisukuma wote wawili hadi kwa Mama Waya, fundi wa umeme wa pikipiki.

"Shikamoo, Mama Waya."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe, baba yake, umeniletea pikipiki au mzoga?"

Mama Waya alibonyeza honi. Kimya. Akachukua taa yake ndogo ya kupimia, akaigusisha kwenye betri, nayo ikawaka vizuri. "Betri nzima. Msije mkadanganywa mnunue mpya." Akafuata waya kutoka kwenye betri hadi kwenye fyuzi, akafungua kifuniko. "Haya! Nani kaivisha fyuzi sanda?"

"Si mimi!" baba aliruka. "Lazima ni Kikofia, yule dereva mwenzangu. Juzi nilimwazima. Nikimkuta kijiweni atanitambua!"

Chiriku aliinama, akaangalia vidole vya miguu yake.

Mama Waya alibadilisha waya ulioungua, akaweka fyuzi mpya. Pikipiki ikanguruma. Baba akaondoka nayo akitabasamu, lakini kwenye tuta la kwanza ikafa. Fyuzi nyingine, tuta lile lile, ikafa tena.

"Ikisimama ni nzima, ikitikiswa inakufa," Mama Waya alisema akijikuna kichwa. "Kuna kitu ndani kinagusana, na sijui ni wapi. Itabidi nifumue nyaya zote. Njooni Jumatatu."

Baba aliketi juu ya tairi kuukuu. "Basi, mwanangu, kesho hatuendi," alisema polepole. Chiriku akaona macho yake yamelengwa na machozi. Hakuwahi kufikiri kwamba baba naye alimkumbuka mama.

"Si Kikofia, baba. Ni mimi." "Ni mimi niliyeweka karatasi. Na ncha ya pini yangu imebaki ndani ya soketi."

Mama Waya aliifungua soketi, akaipindua, akaigonga. Ncha ya pini ikaanguka kiganjani mwake. Fyuzi ya tatu ilipowekwa, baba alipita kwenye tuta mara mbili, na pikipiki haikukohoa.

"Fyuzi haiungui kwa uchokozi, mwanangu," Mama Waya alimwambia. "Inaungua ili kutuambia: simameni, kuna hitilafu. Wewe ukaiziba mdomo, basi waya ukaungua badala yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Shida isemwe ingali ndogo, iwe ya pikipiki au ya moyoni."

"Kwa nini hukuniamsha?" baba aliuliza.

"Niliogopa utachukua simu. Na nyumba ni kimya mno, baba."

"Kimya hicho nami nakisikia. Ndiyo maana nakimbilia kulala."

Jioni ile baba hakulala na kuku. Alikaa dirishani na binti yake mpaka mama akapiga.

"Huna shida, mwanangu?"

Chiriku akamtazama baba. Baba akaitikia kwa kichwa kumwambia aseme.

"Ninayo, mama. Nina upweke."

Wakamsikia mama akivuta kamasi kwenye spika ya simu. "Hata mimi, mwanangu. Na baba yako je?"

"Mimi pia," baba akadakia.

"Kumbe sote watatu tulikuwa tunadanganyana?"

Hapo Chiriku akafunguka. Akasema ya shule, ya Mama Waya, ya tuta na ya pini, bila kituo, mpaka simu ikaishiwa chaji katikati ya maneno. Hakuna aliyekimbilia chaja. Yaliyobaki wangeyamaliza kesho, ana kwa ana.