Hakuambiwa Tunavuka

Upande wa kushoto wa karavani ulikuwa umelala. Si sana, ni upana wa vidole viwili tu. Lakini Kasmir alikuwa fundi wa magari, na fundi anayejiheshimu hapuuzi vidole viwili. Alichuchumaa kando ya gurudumu, akapima kwa mkono nafasi kati ya tairi na bati. Kulia, vidole vinne. Kushoto, viwili. Asubuhi ile ile kabla ya kupakia alikuwa amepima, na pande zote zilikuwa sawa.

"Mama Faith, umeweka nini huku kushoto?"

"Kuna kitanda," Dominika alijibu kutoka kibarazani. "Juu ya kitanda kuna mto wako. Labda nao umenenepa kama mwenyewe."

Faith, binti yao wa miaka tisa, akacheka mpaka akakaa chini. Kasmir naye akacheka, lakini aliingia ndani kuangalia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limenyooka, ila ukingoni pamebonyea kidogo, kama mahali alipokaa mtu mzima akisubiri kuitwa. Na palinukia samli. Nyumbani kwao hawakuwa na samli.

Alilinyoosha shuka kwa kiganja, akatoka, akafunga mlango.

Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na tatu, enzi za ruksa, mtu wa Sumbawanga akiweza kuwa na kitu chake bila kuulizwa na balozi wa nyumba kumi amekitoa wapi. Kampuni moja ya barabara ilipomaliza kazi iliuza mabaki yake, na Kasmir, aliyewahi kuwa dereva wao, akachukua lile karavani ambamo mhandisi mzungu alikuwa akilala porini. Mtaani wakaliita nyumba ya kukokotwa. Kasmir aliwaahidi wanawe, maana hata mkewe alimwita "mwanangu" kila alipofurahi, kwamba mahindi yakishaingia ghalani wangelivuta hadi Kasanga, walale wiki nzima wakilitazama ziwa kama watu wa kwenye kalenda.

Alilifunga nyuma ya Land Rover yake. Gari lenyewe lilikuwa la bati, la zamani, lenye redio kaseti mpya kabisa na mlango wa nyuma ambao kitasa chake cha ndani kilikuwa kimevunjika tangu mwaka juzi. Ulifunguliwa kwa nje tu. Dominika alikwisha kumwambia mara kumi akitengeneze. Ndiye aliyekuwa akiyahamisha magari ya wateja uani, anayajua yote kwa ubovu wake.

"Kazi za watu kwanza," Kasmir alimjibu kila mara.

Faith aliomba apande ndani ya karavani, achungulie dirishani. Kasmir alisita. Dominika akasema, "Muache, ndiyo likizo yenyewe." Akamwacha.

Njia ilikuwa kavu, upepo wa Julai unakata masikio, na mashamba ya ulezi pande zote yamebaki mabua. Kilometa chache nje ya mji walivuka daraja dogo la mbao. Walipofika ng'ambo, mlango wa karavani uligongwa kwa ndani. Mara tatu, polepole.

Kasmir akakanyaga breki. Alishuka, akaufungua mlango.

"Unagonga nini?"

"Siyo mimi, baba," Faith alisema. Alikuwa amekaa kwenye kona ya kulia, amejibana, ameacha kitanda chote wazi. "Ni yule mama. Anauliza mbona dereva hasemi."

"Niseme nini?"

"Kwamba tunavuka."

Kasmir alitazama kitanda. Palepale ukingoni, shuka lilikuwa limebonyea tena.

"Toka, uje mbele."

"Amenishika nguo," Faith alisema kwa sauti ndogo sana, na kabla Kasmir hajanyoosha mkono, mlango ukajipiga usoni pake ukajifunga. Alizungusha ufunguo. Ulizunguka wote, kama unaochota maji, bila kukamata kitu. Alichukua bisibisi, akachukua nyundo, akaegemeza bega. Fundi mzima, mlango wa karatasi ngumu na bati jembamba, ukamshinda. Alipiga dirisha kwa nyundo na nyundo ikarudi kama imepiga tairi.

"Baba Faith," Dominika alinong'ona nyuma yake. "Umetuletea nini nyumbani?"

"Nyamaza kwanza."

"Nakuuliza ni nini hiki. Ni jini?"

Kasmir akarudi kwenye usukani. Aliona kijiji cha Msanzi hakiko mbali, na huko angepata watu wa kumsaidia kuvunja. Ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba alijua Msanzi kuna nini.

Wakaendelea, na gari lililokuwa likivuta vizuri likaanza kulia kwa uzito, gia ya pili, kisha ya kwanza, mpaka walipofika kwenye daraja la kuingilia Msanzi, penye mikaratusi, na hapo magurudumu ya karavani yakagoma kabisa, injini inanguruma na vumbi linapaa na hakuna kinachosogea.

Kando ya daraja mwanamke mmoja alikuwa akipepeta ulezi mbele ya nyumba yake. Aliitwa Hilaria, mjane wa katekista, na watu walimwendea kwa dawa za homa na kwa mambo mengine ambayo padri hakupenda kuyasikia. Alikuwa na kazi, na uso wake ulionyesha kwamba ana kazi. Aliweka ungo chini.

"Shikamoo mama," Dominika alisema.

"Marahaba. Nyumba hiyo naijua. Ilipita hapa mwaka wa tisini, inatoka huko Kasanga, imesimama hapo kwenye miti. Ilipoondoka iliacha mtu." Alimgeukia Kasmir. "Dereva alikuwa mwembamba kidogo."

Kasmir alisema mama anamfananisha na mtu mwingine.

"Sawa," Hilaria alisema, akachukua ungo wake. "Mimi nina ulezi."

Ndani ya karavani, Faith akaanza kulia. Hakulia kwa woga. Alikuwa akilia tumbo, kilio kinene cha mtu mzima. Kasmir alikijua kilio kile. Aliwahi kukisikia kilometa arobaini mfululizo. Akakaa chini barabarani, akasema.

Tusimpambie. Kambini kwa ile kampuni ya barabara kulikuwa na mpishi aliyeitwa Minza, mke wa mfugaji wa bondeni, Ilemba, amepanda huku juu kutafuta riziki, nywele akizipaka samli kama wanawake wa kwao, ana mimba ya miezi sita. Siku moja tumbo likamkata, damu zikaanza. Msimamizi akamwambia Kasmir, unapeleka karavani mjini, mpakie huyo umfikishe hospitali. Kasmir alikuwa ameahidiana na mtu wa mahindi mjini na alikuwa amechelewa. Alimlaza ndani, akafunga mlango kwa nje ili usije ukafunguka njiani. Minza akagonga. Kasmir akaona anamsumbua. Minza akagonga zaidi, akaita, shemeji, shemeji, simama kidogo. Kasmir akaongeza sauti ya redio. Pale Msanzi aliposimama kupooza injini, alimkuta chini ya mlango, amekwisha. Akamtoa, akamlaza kwenye mikaratusi, akamfunika kanga, akateka maji mtoni na kuosha sakafu. Kambini akasema alimkabidhi hospitali salama. Mume alipokuja kuuliza, akamwambia hivyo hivyo, macho kwa macho.

Dominika alimsikiliza akiwa amesimama. Kasmir akamaliza. Alikwenda kwenye karavani, akaweka kiganja kwenye bati, akakiacha hapo.

"Mama, mfukuze," Kasmir alimwambia Hilaria. "Nitafanya chochote."

"Nimfukuze nani? Huyo siyo jini, msimsingizie jini. Huyo ni abiria." Hilaria alitema mate pembeni. "Mwili wake niliuzika mimi, hapo juu, bila jina. Mwenyewe sikumpata. Wewe kwenu hamna desturi? Baba yako alipofia ugenini hukumleta nyumbani?"

Alimleta. Mwaka sabini na nane, kutoka Mpanda, kwenye lori, na baba yake mdogo alikaa kando ya jeneza safari nzima akimwambia marehemu njia. Kaka, tunaondoka. Kaka, tunavuka mto. Kaka, tunakata kona ya nyumbani. Maiti asipoambiwa, mwili husafiri na mwenyewe akabaki pale pale alipokuwa. Kasmir aliyajua hayo tangu utotoni. Siku ile alimshusha Minza kimya kimya kama anayeshusha gunia, na Minza hakujua kama ameshushwa.

"Anataka kwao," Hilaria alisema. "Mpeleke. Na umwambie njia yote, kwa mdomo wako. Ukiruka daraja moja, mtoto wako anabaki naye."

"Nikimfikisha atatuacha?"

"Mtoto atamwacha. Mimi nimekuambia habari za mtoto."

Wakageuza gari, na magurudumu yakakubali, ingawa kwa uzito. Walipovuka tena lile daraja la mbao, Kasmir alitoa kichwa dirishani akasema, "Minza, tunavuka," na karavani likajibu kwa kugonga mara moja, na gari likawa jepesi. Minza, tunapita Sumbawanga. Minza, hii ndiyo njia ya bondeni. Mchana ulikuwa unaisha walipofika kwenye Lyamba lya Mfipa, ule ukingo ambako nchi ya juu inakatika ghafla na bonde la Rukwa linaonekana chini kama limedondoshwa, na hapo njia ikaanza kuzunguka mawe, kona juu ya kona, vijito visivyo na majina vikikatiza, breki zikinuka, Kasmir akipaza sauti kwenye kila kijito na kila kona, Minza tunavuka, Minza tunakata, koo limekauka mpaka sauti inatoka kama ya mzee, na harufu ya samli sasa imeingia mbele walikokaa, na chini ya samli harufu nyingine, ya chuma na maziwa yaliyoharibika, na kila aliponyamaza kumeza mate akawa anasikia pumzi ya mwanawe nyuma ikipungua, ikipungua, kama mtu anayepunguza utambi, naye akapaza tena, hata pasipo na kijito akapaza, akaogopa hata nyufa za barabara.

Dominika alikuwa amekaa kando yake, mikono mapajani. Tangu Msanzi alikuwa hajamtazama.

Boma la Mayunga, mume wa Minza, lilikuwa nje kidogo ya Ilemba. Ng'ombe walikuwa wakiingia zizini. Mayunga, mrefu, amejifunga shuka, alikuja taratibu akilizunguka karavani.

"Mfipa," alisema, "safari hii umeniletea nyumba?"

"Nimemleta Minza," Kasmir alisema. Kisha akasimama mbele ya gari na kumwambia Minza, kama alivyomsikia baba yake mdogo akisema: "Minza, tumefika kwako."

Mlango ukafunguka wenyewe. Faith akatoka, nywele zake zikimeremeta samli, akashuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwa Dominika, akamkumbatia kiunoni. Nyuma yake hakukuonekana mtu. Lakini karavani lilipanda upande wa kushoto, vidole viwili, na ng'ombe wote zizini wakageuza vichwa, wakafuata kwa macho kitu kilichopita katikati yao kuelekea nyumbani.

Kasmir alimweleza Mayunga yote. Alitarajia kupigwa rungu, akainamisha kichwa kabisa. Mayunga hakuinua mkono.

"Miaka mitatu namfuata hospitali hadi hospitali," alisema. "Mama yangu alikufa akimpikia uji wa uzazi." Akakaza shuka lake begani. "Sikupigi. Mwenyewe amefika. Nyumba yako iache hapa, nitaichoma. Nenda."

Walilala kwa katekista wa Ilemba. Alfajiri tumbo likamkata Kasmir. Lilimkata chini ya kitovu, kama kamba inayovutwa, na hakuweza kukaa wima. Katekista akasaidia kumlaza nyuma ya Land Rover, kwenye godoro.

"Nitaendesha mimi," Dominika alisema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Msanzi. Alimkalisha Faith mbele, akaufunga mlango wa nyuma kwa nje.

Jua lilikuwa limechomoza walipoanza kupanda ukingo. Kasmir, akiwa amejikunja, alihisi kitu chenye unyevu chini yake, akagusa, akatazama vidole. Vilikuwa vyekundu. Alijiburuta hadi kwenye kioo kinachotenganisha nyuma na mbele.

Kijito cha kwanza kilikuwa kinakuja. Aliwaona kwa visogo, mkewe kwenye usukani, mwanawe kando. Faith aligeuka. Uso ulikuwa wa mtoto wake, umetulia kabisa, wala hakumwita baba.

"Kasmir," alisema, kwa upole wanaosemeshwa nao waliomo jenezani, "tunavuka."

Maji yakapita chini ya magurudumu. Kasmir akagonga kioo. Akagonga kwa viganja, akagonga kwa ngumi, akaita, Mama Faith, Mama Faith, simama kidogo. Alitambaa hadi mlangoni, akapapasa mahali pa kitasa, akashika tundu la skrubu.

Mbele, Dominika alinyoosha mkono wa kushoto, bila kugeuka, akaongeza sauti ya redio.