Biblia Niliyompakia Mheshimiwa

Nina miaka arobaini na mbili, ni mama wa watoto wawili, na ninafanya kazi ya kutunza wazee hapa Parramatta, Australia. Ndugu zangu, si zamani watu wa kwetu hapa Sydney walikuwa wakiniita Mama Waziri. Siku hizi wakiniona kwenye treni wanainamia simu zao...

Mume wangu, nimwite Elia, alinioa tukiwa katika kambi ya wakimbizi. Pete hatukuwa nayo. Tulikuwa na Biblia ya marehemu mama yangu, ambayo jalada lake nililishonea kitenge cha bluu. Elia aliweka mkono juu yake, akaniapia mbele ya mchungaji. Tulikuja nayo Australia, na kwenye ukurasa wa kwanza tukaandika majina ya watoto wetu.

Nyumbani Elia alikuwa mwanasheria, lakini hapa alipakia maboksi katika ghala moja Ingleburn. Akirudi tu, yuko kwenye simu na wanasiasa wenzake. Sikulalamika. Kusema kweli nilijivunia mwanaume ambaye maboksi hayakumvunja moyo.

Kisha mambo ya nchi yetu yakageuka. Wakubwa walikubaliana kwamba rais abaki wa heshima tu, na serikali iongozwe na waziri mkuu atakayetoka bungeni. Kabla ya uchaguzi ikaundwa serikali ya mpito, na chama cha Elia kikapewa viti katika baraza la mawaziri. Alipoitwa, alipiga magoti jikoni akalia!

Kulikuwa na sharti: waziri hawezi kuwa na uraia wa nchi mbili. Akaniuliza, aukane uraia wa Australia au aache? Ningesemaje aache, jamani? Nilimwambia aende, sisi tutamfuata akishatulia. Nikamnyoshea suti, nikampakia na ile Biblia, ili akiapa aape juu ya kitu cha nyumbani kwake.

Kiapo cha kwanza kilikuwa cha haraka haraka, bila wageni. Shida ilianzia nyumbani kwa waziri. Kwetu wazee wakija kwa mkubwa asubuhi, lazima mwanamke wa nyumba hiyo awape uji kwa mikono yake. Nyumba isiyo na mwanamke wa kupokea wageni ni aibu. Sasa mimi niko huku Sydney, mtaa wa Lidcombe, nifanyeje?

Nikamtuma Furaha! Ni binti wa baba yangu mdogo aliyebaki kule kwetu, niliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Nilimfundisha kwa simu Elia anapenda chai gani na kola zake zinyoshwe vipi. Kila aliponiuliza kitu nilifurahi, nikasema huyu mtoto ana bidii.

Serikali ya mpito ilipokaribia kumaliza muda wake, ikawa lazima waziri anayetaka kubaki awe mbunge. Elia akagombea jimbo la kwetu, kwa ukoo wangu. Kila asubuhi ndani ya treni niliwatumia akina mama wa kule ujumbe wa sauti nikiwaombea kura mume wangu. Akashinda! Nikaomba niende kwenye kiapo. Akasema nisubiri, watoto wasikatize masomo.

Siku ya kiapo kule ilikuwa asubuhi, huku jioni. Tulijaa ukumbi wa kanisa. Nilikuwa nimepika sombe, yaani kisamvu, na samaki, na rafiki yangu Mama Aline, Mrundi, alitundika shuka jeupe ili tuone picha kubwa. Waliniketisha mbele kama bibi harusi...

Mawaziri walikuwa wakiitwa mmoja mmoja, na kila mmoja mke au mumewe alimshikia Biblia. Nikajisemea, wangu atashikiwa na mama yake.

Jina la Elia likasomwa. Akatoka Furaha! Amevaa gauni jeupe, ameshika Biblia yenye kitenge cha bluu. Mtangazaji akasema tunamwona mheshimiwa waziri na mkewe.

Binti yangu Neema akanivuta mkono, akaniuliza kwa sauti iliyosikika hadi nyuma, "Mum, why is Aunty Furaha holding our Bible?"

Hata mtoto aliona kwamba Biblia aliyoshika Furaha ni yetu. Mama Aline alizima mashine ya kuonyeshea picha. Akina mama wakaanza kukusanya sahani ambazo hazijaliwa, na hakuna aliyethubutu kunitazama.

Kesho yake Elia akapokea simu yangu. "Mama Neema, elewa. Watu wa jimbo walisema mwanaume asiye na mke hapa ni mgeni tu, kesho atarudi kwa wazungu. Wazee wa kwenu ndio walinipa Furaha. C'est la politique, ndiyo siasa. Wewe utabaki mke mkubwa."

Mke mkubwa! Nilimpigia baba mdogo. Akaniambia taratibu kwamba aliyewapa uji wazee kampeni nzima ndiye wanayemjua, na kwamba nishukuru uwaziri umebaki katika ukoo. Furaha mwenyewe hajapokea simu yangu mpaka leo.

Nililia kazini, nikalia bafuni, nikalia nikimvalisha soksi bibi kizee wa Kizungu ambaye naye akaanza kulia bila kujua kwa nini. Naumia, ndugu zangu! Ningeibiwa na adui ningemlaani. Hawa ni damu yangu.

Dada zangu mlio ughaibuni, nawasihi: mume akiitwa na nchi, nendeni pamoja au mbaki pamoja. Usimtume mtu akakushikie nafasi yako, hata awe mdogo wako uliyembeba mgongoni. Watu humjua yule wanayemwona.

Watu wananiuliza kama nitadai chochote kwa mheshimiwa. Uwaziri akae nao, na Furaha akae naye. Siku ile Elia aliapa kuwa mwaminifu kwa nchi, mkono juu ya Biblia ile ile aliyoniapia mimi. Anirudishie Biblia ya mama yangu. Majina ya watoto wangu yamo humo.