Maji ya Mgeni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Apolinaria alichota maji katika kisima cha mbugani na kujaza mtungi wa juu. Mitungi ilikuwa mitatu, imepangwa kwenye kichanja cha miti kando ya jiko, mmoja juu ya mwingine. Wa juu ulijaa mchanga na kokoto, wa kati makaa yaliyopondwa, na wa chini ulikuwa mtupu, ukipokea maji. Maji yaliingia juu yakiwa na rangi ya udongo na kutoka chini meupe kabisa. Yalidondoka polepole, to, to, to, na sauti hiyo ilisikika nyumba nzima.

Mwanzoni aliipenda sauti ile. Sasa ilimtia hofu. Kila alipokuwa peke yake jikoni alihisi kuna mtu amesimama nyuma yake, mfupi, kimo cha mtoto wa miaka mitano, anangoja kupewa kikombe. Akigeuka, haoni mtu. Alijua ni nani, na hakuthubutu kumwambia yeyote.

Alikuwa mdogo wake, Imakulata. Masika iliyopita alishikwa na kuhara damu siku ya Jumatatu, na Alhamisi wakamzika.

Huo ulikuwa mwaka wa Mtu ni Afya, kampeni ya redioni ya kuzuia magonjwa. Watu walikuwa wamehamia karibuni katika kijiji kipya cha Ujamaa, kando ya njia ya zamani ya misafara, si mbali na Kwihara. Wazee walisema kwamba chini ya njia ile wamelala wapagazi wengi waliokunywa maji ya vidimbwi, wakashikwa na tumbo, wakafukiwa haraka ili msafara usichelewe. Watoto walicheza juu yao bila kujali. Apolinaria naye alikuwa hajali, mpaka nyumba yao ilipopata kaburi lake.

Redio ilihimiza watu wachemshe maji. Lakini kuni zilikuwa mbali, na akina mama walikuwa wamechoka. Basi baba yake, Hilari, fundi mwashi, alikaa na msiba wake miezi miwili, kisha akanunua mitungi mitatu sokoni Tabora, akaitoboa miwili matako kwa msumari, na kutengeneza mtambo wake. Alisema maji yakipita humo hayana haja ya kuchemshwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masele, akamwita Bwana Afya kutoka mjini aje kuyapima.

Bwana Afya yule aliitwa Abbasi, mkazi wa mtaa wa Chemchem. Alikuja, akajaza chupa yake kwenye mtungi wa chini, akaenda. Baada ya siku kumi barua ikafika: maji ya mtambo wa ndugu Hilari ni salama, hayana vijidudu. Mzee Masele aliisoma mbele ya kijiji kizima, na vigelegele vikapigwa. Hilari alifunika uso kwa kofia yake, akalia mbele za watu. "Imakulata hakufa bure," alisema.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu siku hiyo. Nyumba thelathini zilikuwa na mitungi mitatu, na hakuna aliyechemsha maji tena. Jumamosi iliyokuwa inakuja, Hilari angekwenda Usinge kuwafundisha wenzao wa huko.

Apolinaria peke yake ndiye aliyekuwa na jambo moyoni, na jambo lenyewe lilikuwa hili. Siku ile ya Bwana Afya, mama yake, Benedikta, alimwamsha mapema. Akamwambia, "Twende misheni tukachote. Mgeni hapewi maji ya mbugani." Walitembea zaidi ya saa moja hadi kwenye pampu ya misheni, wakarudi na ndoo mbili za maji safi. Kwa kuwa mgeni anakuja, waliosha na mitungi pia, wakatia mchanga mpya uliokaushwa juani na makaa mapya. Kisha wakamimina maji ya misheni katika mtungi wa juu. Hilari alikuwa kwa mwenyekiti akimsubiri mgeni, hakuona kitu. Mama hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Alitaka kumheshimu mgeni, basi. Nani katika Unyamwezi angemlaumu?

Lakini Apolinaria alikuwa darasa la sita, na hesabu hiyo haikumshinda. Bwana Afya alikuwa amepima maji ya misheni. Maji ya mbugani hayakupimwa na mtu yeyote, na ndiyo waliyokuwa wakinywa.

Siku ya Jumanne, mdogo wake wa mwisho, Bernardo, mwenye miaka miwili, alianza kuharisha.

"Ni meno tu," mama alisema, bila kumtazama usoni.

"Mama, yale maji ya siku ile..."

"Nyamaza, mwanangu. Unataka baba yako aanze matanga upya?" Mama aliutupia jicho mtungi wa chini, na Apolinaria akatambua kwamba mama naye alikuwa akisikia yale matone.

Jumatano aliporudi shule alimkuta Bernardo amelala mkekani, macho yamezama, midomo imekauka. Karibu yake mtungi ulidondosha, to, to, to. Apolinaria alihisi tena yule mtu mfupi nyuma yake. Safari hii hakugeuka. Alitoka akaenda moja kwa moja uani, ambako baba yake alikuwa anatoboa mitungi ya kupeleka Usinge.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nishikie huu, usiyumbe."

Aliushika. Kisha akasema yote, kuanzia ndoo za misheni hadi mchanga mpya, macho yake yakiwa chini. Msumari ulisimama.

"Kwa nini hukusema siku barua iliposomwa?"

"Ulikuwa unalia, baba."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, Bernardo mgongoni. "Ni mimi, Baba Apolinaria," alisema. "Mtoto usimguse. Niliona aibu kumpa mgeni maji yetu."

Apolinaria alisubiri kupigwa. Hilari aliuangalia mtungi uliokuwa mikononi mwao kwa namna ambayo ilimuumiza binti yake kuliko fimbo. "Niliutengeneza kwa ajili ya Imakulata," alisema polepole. "Nikiutetea sasa, nitamzika na huyu." Akaweka msumari chini, akatoa baiskeli. Mama akapanda nyuma na mtoto, wakaenda zahanati. Jioni Hilari alikuwa amezipitia nyumba zote thelathini na kuziambia ziwashe moto na kuchemsha. Wengine walinung'unika, wakisema fundi hajui anachotaka.

Bernardo alipewa dawa na maji ya chumvi na sukari. Siku ya tatu aliomba uji, na mama akalia kuliko alivyolia siku ya ugonjwa. Safari ya Usinge iliahirishwa.

Hilari mwenyewe alikwenda Chemchem kumwambia Bwana Afya. Abbasi hakukasirika. "Kosa langu ni kubwa kuliko la mke wako," alisema. "Nilitangulia kutoa taarifa kwamba nakuja, nikapokewa vizuri mno. Halafu nilipima maji yanayotoka, nisipime yanayoingia. Rudi nyumbani. Nitakuja, na siku sikwambii."

Alikuja siku ambayo hakuna aliyemtazamia, saa nne asubuhi, watu wako shambani. Wanawake waliokuwepo waliona haya, kwa kuwa hakuna aliyempikia kitu. Alikataa kigoda, akakataa hata kikombe cha maji. Alichagua nyumba tano yeye mwenyewe. Alichota kisimani kwa mkono wake, na kila nyumba akajaza chupa mbili, moja ya maji kabla hayajapita mitungini na moja ya maji yaliyokwisha kupita. Hilari alipotaka kumsaidia kushika chupa, alimzuia.

"Wewe kaa mbali, fundi. Wewe ni mzazi wa mtambo huu."

Chupa zote aliziandika namba tu, bila jina. Apolinaria, aliyekuwa likizo siku hizo, aliuliza kwa nini.

"Anayepima maabara asijue ipi ni ipi," Bwana Afya alijibu. "Hata mtu mwema, akijua unachotarajia, jicho lake litakutafutia."

Majibu yalipokuja, Mzee Masele alitaka kuyasoma kimyakimya ofisini, kwa heshima ya fundi. Hilari alikataa. Aliichukua barua, akasimama mbele ya kijiji na kuisoma mwenyewe. Mitungi iliondoa matope na kupunguza vijidudu, lakini haikuvimaliza. Katika nyumba moja, ambamo makaa yalikuwa hayajabadilishwa, maji yalitoka machafu kuliko yalivyoingia. Watu wachuje kwa mitungi, kisha wachemshe, bila kukosa.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamke mmoja nyuma alisikika akisema, "Tungewazika wangapi?"

Bwana Afya alisimama. "Watoto wa shule mko hapa, nisikilizeni," alisema. "Kitu kipya kikiletwa, msiseme kizuri wala kibaya mpaka kipimwe. Kipimwe katika kazi yake ya kila siku, si siku ya wageni. Na apimaye asiwe aliyekitengeneza, wala asiwe anayempenda huyo aliyekitengeneza. Apolinaria alimpenda baba yake, ndiyo maana ukweli ulimtesa wiki tatu. Aliposema, mtoto mmoja alipona, na watu wa Usinge wakanusurika."

Apolinaria aliinamisha kichwa. Hakujisikia shujaa. Alikuwa akiwaza zile wiki tatu, na kikombe alichompa Bernardo kila asubuhi kwa mkono wake.

Mzee mmoja akainua mkono. "Hilari, hebu tuambie wewe. Mtambo huu unafaa, haufai?"

Hilari aliikunja barua, akamkabidhi mwenyekiti. "Mimi niliutengeneza nikiwa nimefiwa na mtoto," alisema. "Msiniulize mimi."