Mabisho Matatu ya Saa Tatu

Mlango wa chumba cha kulala uligongwa mara tatu, saa tatu kamili asubuhi, kutoka ndani. Chumbani hamkuwa na mtu. Laban Changawa na mkewe Loise walikuwa sebuleni wakinywa chai.

"Upepo," alisema Laban.

"Upepo siku hizi unajua kuhesabu, Baba Katana?"

Laban alikuwa hakimu miaka kumi na minane. Kila asubuhi askari wa korti alibisha hivyo hivyo, watu wakasimama, naye akaingia. Hayo yaliisha Machi, aliposimama kizimbani yeye mwenyewe, akapatikana na hatia ya kughushi kumbukumbu za kesi. Katika kesi moja, shahidi wa utetezi, Kaltuma, alifika, akaapa, akasema yote. Mheshimiwa Laban, kwa haraka zake za likizo, akaandika hakufika. Mshtakiwa wa kesi hiyo, mchunga ng'ombe aitwaye Warsame, alifia gerezani akimuuliza kila mgeni kama Kaltuma amefika.

Laban alipewa kifungo cha nje. Kazi ikaenda, pensheni ikaenda. Lilibaki jina lake kwenye orodha ya mawakili, na Alhamisi kamati ya nidhamu ingeamua kulikata au kuliacha. Katika barua yake ya utetezi aliandika: kosa la karani.

Mabisho yalianza siku ya pili baada ya kuisaini. Kisha ikaja harufu ya ng'ombe waliolowa mvua, ndani ya nyumba yao ya kijijini Hewani isiyofugwa hata kuku. Kisha viti vya plastiki vikaanza kukwaruza sakafu vyenyewe.

Jumatano Loise alimleta Dama, mganga wa Kilelengwani. Alinusa, akaurudisha ubani kikapuni.

"Hili halijafuata ubani," alinong'ona. "Jini hili halijapata kiti, mwili wa mtu wa kukalia, ndiyo maana limesimama. Linangoja useme kweli. Ukisema, linatoka. Lakini likitoka, funga mdomo. Usilikaribishe hata kwa salamu. Umenisikia, Mheshimiwa?"

"Usiniite Mheshimiwa."

"Mbona unatabasamu?" Dama aliuliza.

Loise alimshika mkono. "Sema, mume wangu. Jina acha wakate."

Saa tatu ikafika. Bisho, bisho, bisho.

"Kaltuma alifika," alisema Laban, machozi yakimtoka. "Nilimwona. Niliandika hakufika."

Loise aliichana barua. Harufu ikapungua, ikasogea mlangoni, na hapo viti vyote vikasukumwa nyuma kwa mkupuo mmoja, kama korti iliyojaa inaposimama, na pumzi za watu wasioonekana zikatulia zikimngoja yeye, yeye ambaye kwa miezi mitano hakuna aliyesimama kwa heshima yake, hata muuza maziwa, na mgongo wake ukanyooka wenyewe, kidevu kikapanda, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, na Dama akarusha kiganja amzibe mdomo, akachelewa.

"Kaeni," alisema Laban.

Viti vikalia chini ya uzito.

Dama alichukua kikapu chake.

"Mama, usituache!" Loise alimng'ang'ania leso. "Watoe!"

"Niwatoe vipi, mwanangu? Si mwenye nyumba amewaambia wakae?"

Nyuma yao Laban aliketi taratibu, akaweka mikono magotini kama mtu aliyechoka kutembea na mifugo. Aliponena, sauti haikuwa yake.

"Kaltuma amefika?"