Bolti za Mkunga wa Pili

Kila siku akitoka shule, Nati alifuata utaratibu wake uleule. Alimwamkia Bibi, akavua sare na kuitundika, akala chakula kilichofunikwa mezani, akaosha sahani yake. Kisha alivaa shati kuukuu la mjomba wake, lililomfika magotini, akakunja mikono yake mara kadhaa mpaka vidole vikaonekana. Shati hilo lilijaa madoa ya oili mgongoni, na hakuna aliyejua yalifikaje huko.

Akishavaa hivyo, alikuwa tayari kwenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa uwani, chini ya turubai. Ilikuwa gari la Bibi.

Nati lilikuwa jina la utani. Alipewa kwa sababu utotoni hakulala mpaka ashike nati mkononi, kama watoto wengine wanavyoshika wanasesere. Jina lake la shule alilijua mwalimu wa zamu, na alilitumia pale tu mambo yalipoharibika.

Bibi alikuwa mkunga. Miaka mingi aliendesha gari hilo dogo la bluu, lenye taa za mviringo na kiti kirefu cha nyuma, akienda kuzalisha kina mama. Watu wa mtaa waliliita Mkunga wa Pili, maana wapo watoto waliokosa subira ya kufika hospitali wakazaliwa kwenye kiti kile cha nyuma. Siku lilipogoma kuwaka, Bibi hakuwa na nafasi ya kulishughulikia. Likakaa chini ya turubai likiliwa na kutu. Alipostaafu, kila mtu alidhani atapumzika. Wenzake walifuga kuku. Bibi alinunua spana.

Alijifunza kwa kusoma na kwa kuwauliza mafundi wa gereji maswali mpaka wakawa wakimwona kwa mbali wanajifanya wana shughuli. Nati alijifunza kwake. Walisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Walishona viti upya, wakarudishia rangi ileile ya bluu. Mara nyingi majirani walicheka wakisema bibi na mjukuu wanapaka rangi jeneza la chuma. Bibi hakuwajibu. Alikuwa na raha yake, na raha yake ilinuka oili.

Sasa ilibaki injini tu, na ndipo Mjomba alipoleta neno lake.

Mjomba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa uwani hapohapo. "Mama, silichukii gari lako," alimwambia Bibi jioni moja. "Lakini mbao zangu zinanyeshewa. Zikilowa zinapinda, na mlango uliopinda hakuna mteja anayeuchukua. Gari lisilotembea ni ukuta tu, Mama. Nami nahitaji sehemu hiyo."

Bibi alizitazama mbao hizo. Aliona kwamba mwanawe alikuwa na haki.

"Nipe mpaka Jumamosi baada ya shule kufungwa," alisema. "Likitoka hapa kwa nguvu zake mpaka barabarani, litakuwa linalala mbele ya nyumba, na uwa utakuwa wako. Lisipotoka, mwite mnunuzi wa vyuma chakavu aje alichukue. Sitasema neno."

Nati alimfahamu bibi yake, hakuwa mtu wa kusema kitu leo na kukigeuza kesho.

"Litatoka," Nati alisema.

"Nani kakuuliza, fundi mkuu?" Mjomba alimtania.

"Litatoka tu, Mjomba."

Kazi iliyobaki kubwa ilikuwa pampu ya maji, ile inayozungusha maji ya kupooza injini. Bibi aliifungua kwa namna yake. Alichukua kipande cha kadibodi, akachora juu yake umbo la pampu, na kila bolti aliyoitoa aliichomeka kwenye kadibodi mahali palepale ilipotoka kwenye chuma. Bolti ya juu kushoto ilikaa juu kushoto, ya chini ikakaa chini.

"Ukiziona unadhani ni mapacha," alimweleza Nati. "Lakini hii ni ndefu kidogo, ile ni fupi kidogo. Kila moja ina tundu lake. Kadibodi hii ndiyo kumbukumbu yangu, isiguswe."

Kadibodi iliwekwa juu ya kigoda kando ya mlango wa gari. Kwa sababu hiyo ikawekwa sheria kwamba wakati injini iko wazi, mtu asiingie garini. Nati aliishika sheria hiyo kuliko wote. Alishawafukuza watoto wa jirani zaidi ya mara moja.

Siku iliyofuata Bibi alikwenda dukani kutafuta karatasi ngumu ya kukatia gasketi, yaani ule utando unaobanwa kati ya vyuma viwili ili maji yasipite. Nati akabaki na rafiki yake wa darasani, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Unajidai fundi," Redio alisema akizunguka gari, "lakini sijawahi kukuona umeshika usukani."

"Nimeshika mara nyingi."

"Mimi sijaona. Darasani nao hawaamini."

Nati alijua afanye nini. Alijua kabisa. Hata hivyo aliingia, akafunga mlango, akashika usukani kwa mikono miwili na kupiga honi kwa mdomo. Redio akacheka mpaka akashika mbavu. Nati akanogewa. "Abiria, karibu," akasema, na akausukuma mlango kwa mbwembwe.

Mlango ulikipiga kigoda. Kadibodi ikaruka, na bolti zote zikatawanyika mchangani.

Kwa muda hata Redio alinyamaza. Kisha wote wawili wakapiga magoti wakaanza kuokota.

"Zinafanana," Redio alisema. "Bolti ni bolti. Zichomeke upesi kabla bibi yako hajarudi."

Nati alizipanguza, akazipanga kwenye matundu ya kadibodi kwa kubahatisha. Kadibodi ikaonekana kama ilivyokuwa. Bibi aliporudi aliuliza, "Kwema hapa?"

"Kwema, Bibi," Nati alijibu bila kumtazama usoni.

Walifunga pampu pamoja. Bibi alichukua bolti moja baada ya nyingine kutoka kwenye kadibodi bila kuitazama mara mbili. Waliiacha gundi ya gasketi ikauke mpaka asubuhi, wakajaza maji kwenye rejeta, lile tangi la maji ya kupooza injini, Bibi akawasha. Injini ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, halafu ikanguruma. Nati alirukaruka. Hata Mjomba aliacha randa yake akaja kutazama.

Ndipo maji yakaanza kudondoka chini ya pampu. Yalianza kwa matone, yakawa mchirizi, na Bibi akazima haraka.

"Ni gasketi," alisema. "Nimeikata vibaya."

Alifungua, akazirudisha bolti kwenye kadibodi palepale alipozitoa, akakata gasketi nyingine taratibu, miwani ikiwa puani. Kesho yake wakafunga tena. Maji yakavuja tena. Akakata nyingine kwa saa nzima, akiipima na kuipima upya, nayo ikavuja vilevile.

Nati alijiambia kwamba huenda kweli ni gasketi. Alijiambia hivyo akiwa anapiga mswaki, akajiambia tena njiani. Siku ya kufunga shule, mwalimu akisoma matokeo, yeye aliyaona maji tu.

"Nitamwambia," alimnong'oneza Redio.

"Ukisema sasa utagombezwa mara mbili, kwa kosa na kwa kuficha," Redio alisema. "Nyamaza. Gari lenyewe bovu."

"Si bovu," Nati alisema, na kwa mara ya kwanza alimkasirikia rafiki yake.

Aliporudi nyumbani, hiyo ikiwa Ijumaa mchana, alimkuta Bibi ameketi kwenye kigoda mbele ya gari. Hakuwa na spana mkononi. Alikuwa amevua miwani na anaitazama mikono yake, akiigeuza juu na chini.

"Nati, mjukuu wangu," alisema, "mikono hii imepokea watoto wa mtaa mzima. Leo imeshindwa kukata karatasi. Kila kitu kina mwisho wake, nami naona nimefika. Ngoja mjomba wako arudi, nimwambie amwite yule mnunuzi wa vyuma chakavu aje kesho."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililomuumiza Nati zaidi. Alikuwa amejiandaa kulipoteza gari. Hakuwa amejiandaa kumwona Bibi akiishi na uongo huo, akiamka kila siku akiamini kwamba mikono yake imekufa, kumbe ni mizima kabisa. Machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Bibi, si mikono yako. Ni mimi. Niliingia garini, mlango ukaangusha kadibodi. Bolti zilimwagika, nikazirudisha kwa kubahatisha. Ukaniuliza nikasema kwema. Haikuwa kwema."

Bibi aliigeuza mikono yake tena, juu na chini.

"Kwa hiyo si mikono yangu," alisema.

"Si mikono yako."

Bibi alivaa miwani. "Nimekasirika," alisema. "Nitaendelea kukasirika mpaka kesho, usinibembeleze. Lakini hasira haizibi maji. Futa machozi, lete spana."

Walimwaga maji, wakafungua pampu, Bibi akakata gasketi mpya. Lakini sasa bolti ipi ilikuwa ya tundu lipi? Kadibodi haikujua tena.

"Hatubahatishi," Bibi alisema. "Tulishabahatisha mara moja."

Nati alikaa akiyatazama matundu. Akawaza jinsi mama yake anavyopima maji yaliyobaki ndani ya pipa, kwa kutumbukiza fimbo na kuangalia ilipolowa. Akachomoa njiti kwenye ufagio.

"Bibi, tukiiweka pampu mahali pake bila bolti, njiti itafika mpaka mwisho wa tundu. Naweka alama kwa ukucha. Halafu natafuta bolti inayolingana."

Bibi alimsogezea kigoda. "Endelea," alisema.

Pampu ilikuwa nzito na ilihitaji mtu wa kuishikilia. Mjomba, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akaitwa. Aliishika shingo upande, akinung'unika kwamba anajinyima mwenyewe pesa za vyuma chakavu. Lakini alipoona njiti za kwanza, useremala ulimpanda kichwani. "Ukucha haufai," alisema. "Nenda kachukue penseli yangu. Na usiegemeze njiti, isimamishe wima."

Nati alipima tundu baada ya tundu. Alipopata jibu alipima tena, kisha akampa Bibi naye apime. Bolti moja iliyokuwa chini ilizidi tundu lake kwa unene wa ukucha. Ilikuwa ikigota mwisho kabla haijabana pampu, na mtu aliyeikaza angeapa kwamba imekaza. Maji yalikuwa yakipita hapohapo. Mgongo ulimuuma Nati, vidole vikachunwa na chuma, lakini hakuinuka mpaka bolti ya mwisho ikapata tundu lake. Walimaliza jua likizama. Ilibaki gundi ikauke. Hapakuwa na nafasi ya kulijaribu gari mpaka asubuhi.

Asubuhi mnunuzi wa vyuma chakavu alifika mapema na lori lake, maana Mjomba alikuwa amemwita tangu katikati ya juma. Alizunguka gari, akagonga bodi kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Subiri kidogo," Mjomba alimwambia. Sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kuuza.

Bibi aliketi kwenye usukani. Nati alitandika kadibodi kavu chini ya pampu, akalala kifudifudi ili aone vizuri. Injini ilikohoa. Ikazima. Ikakohoa tena, ikazima. Mnunuzi akafungua mlango wa nyuma wa lori lake. Bibi hakugeuka. Alivuta pumzi, akawasha tena, na injini ikanguruma bila kusita.

"Nati?" aliita kwa sauti juu ya mngurumo.

"Bado naangalia."

Aliangalia mpaka shingo ikakakamaa. Injini ilipata joto, rejeta ikapata joto, na kadibodi ikabaki kama alivyoitandika.

"Kavu, Bibi. Kavu kabisa."

"Basi toka huko chini uingie."

Mkunga wa Pili alitoka uwani taratibu, akampita mnunuzi, akapanda tuta la mlangoni, akaingia barabarani. Mbele ya maduka fundi viatu alisimama, nyundo ikiwa mkononi. Mama mmoja alimnyanyua mtoto wake aone. "Nimezaliwa humo," kijana mmoja aliwaambia wenzake kwa majivuno. Nati alikaa wima kama waziri. Nyuma yao Redio alikimbia akitangaza habari, ingawa kila mtu alikuwa anaona.

Walipofika mwisho wa barabara Bibi aliegesha pembeni, akazima injini.

"Kosa la kuangusha bolti nimelisamehe zamani," alisema. "Hata mimi nimeangusha vitu vingi. Wodini tulikuwa na wauguzi waliokosea. Aliyesema palepale, tulirekebisha na mgonjwa akapona. Aliyeficha ndiye aliyetutia hofu, kwa sababu tulitibu mahali pasipouma. Wewe ulinifanya nitibu gasketi wakati ugonjwa uko kwenye bolti, kisha nikaanza kuutafuta ugonjwa mwilini mwangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na ile njiti ilikuwa akili nzuri. Ulikosea, ukasema, ukakaa chini ukarekebisha. Mtu wa namna hiyo naweza kumkabidhi gari langu."

Waliporudi walikuta lori limekwenda zake na Mjomba anapiga randa. Alikuwa ametoboa matundu kwenye ubao mzito wa mninga.

"Wa kuchomekea bolti," alisema. "Huu hauangushwi na mlango wa gari."

Bibi aliupima uzito kwa mikono yake, akampa Nati. "Na ukianguka?"

"Nitakuita kabla sijaokota hata bolti moja," Nati alisema.

Bibi akacheka, akaanza kukaza upya kamba za turubai. Mjomba akaja kushika upande wa pili, na mbao zake zikaanza kuhamia chini ya turubai hilo.