Bwana Harusi Asiye na Miguu

Mtaani kwetu hakuna anayezijua habari za mapenzi kunishinda mimi. Nimeziona kwa macho yangu mawili. Haya, tuseme jicho moja, maana la pili lina mtoto wa jicho, na hilo zima nalo lilikuwa limezibwa na pazia. Lakini masikio yangu hayajambo, na hadithi hii ni ya masikio zaidi.

Siku ile soko la vitambaa lilikuwa halipenyeki. Mvua ilikuwa imewasukuma watu wote chini ya turubai moja, na mshonaji alikuwa ameinama juu ya rundo la vipande, macho yamemvimba, akitafuta mahameli nyekundu. Alikuwa amefiwa na baba. Baba yake ndiye aliyekuwa fundi wa vikaragosi, vile vya kuvaa mkononi kama soksi, na watu wazima wa mtaa ule walijifunzia kucheka kwake. Kabla hajakata roho aliacha agizo: msinililie. Nifanyieni sherehe, uchezwe mchezo wa Bwana Harusi, watu wacheke mpaka washike mbavu. Atakayekuja na nguo nyeusi arudishwe mlangoni.

Binti akaapa kulitimiza. Lakini mchezo ule ni wa watu wawili. Bibi Harusi alikuwa yeye mwenyewe. Bwana Harusi alikuwa mwanafunzi wa baba yake, kijana waliyemwita Kasuku kwa jinsi alivyoweza kuiga sauti yoyote, ambaye miaka mitatu nyuma alitoka karakanani bila kwaheri, simu akazima, akawa kama aliyemezwa na ardhi.

Mshonaji akaona ncha ya mahameli, akaivuta. Upande wa pili nao ukavuta.

"Dada, hiki nimekiona mwanzo."

Sauti aliijua kabla hajainua uso. Alikuwa Kasuku, shati la bluu limemganda mwilini kwa mvua, na ndevu ambazo zamani hakuwa nazo.

"Unataka mahameli ya nini wewe?" mshonaji akauliza.

"Koti la Bwana Harusi. Nilijua nondo watakuwa wameshalimaliza."

Wakakishika kile kipande pande zote mbili, hakuna aliyekiachia, mpaka mwenye duka akawauliza kama wananunua au wanapigana. Kasuku akaeleza kwamba habari za msiba na sherehe zilimfikia, na amepita tu. Atacheza kwa heshima ya mwalimu wake, na jioni ile ile ya sherehe atapanda basi arudi alikotoka. Mshonaji akamjibu kwamba hakuna aliyemshika shati.

Usiku wa kuamkia sherehe Kasuku alimpigia simu. Alizunguka weee, akaulizia pazia, akaulizia taa, mwisho akauliza, "Umekula?"

"Unaniuliza kama nani?"

Kasuku akarudia swali la taa. Kisha akamtakia usingizi mwema, usingizi ambao mshonaji hakuupata.

Kesho yake karakana ilipambwa karatasi za rangi. Watu walivaa kijani, waridi na zambarau, na shangazi, dada wa marehemu, alikuwa mlangoni akikagua nyuso: mwenye huzuni ajirekebishe, pilikapilika za kulia zifanyike nyumbani kwake. Mshonaji alivaa gauni la njano lililomkaa kama la kuazima. Harufu ya gundi na vumbi la mbao ilikuwa bado ya baba. Vikaragosi vilining'inia kwenye kamba, vichwa chini, maana kikaragosi kisicho na mkono ndani ni kitambaa tu. Aliogopa jambo moja: pazia lifunguke, watu wasicheke, na mzee azikwe mara ya pili.

Sasa mjue, fundi alikuwa na sheria yake. Aliyevaa kikaragosi akitamka mstari wa mchezo, mwenzake ajibu papo hapo, hata kama anafua, hata kama ana tonge mdomoni. Ndivyo walivyofanya mazoezi miaka yote.

Wakasimama nyuma ya pazia, bega kwa bega, mikono juu. Mchezo ukaenda, na watu wakacheka. Kisha Bwana Harusi katika koti lake jipya akasema, "Mpenzi, nikubalie, nikuoe."

Bibi Harusi akajibu kama ilivyoandikwa: "Wewe huna hata miguu, ukinioa utanipeleka wapi?"

Karakana ililipuka kwa kicheko. Shangazi alilazimika kushika ukuta. Lakini mkono wa Kasuku ulishuka, na Bwana Harusi akaangukia ukingoni. Watu wakadhani ni utani, wakazidi kucheka.

"Ndivyo ulivyonijibu," akanong'ona.

"Nilikujibu lini?"

"Ile siku ulipokuwa unaanika nguo. Nilikuomba unikubali."

"Ulikuwa umevaa kikaragosi, Kasuku. Nilijua ni mazoezi."

"Ningeanzaje, uso kwa uso? Nilikuwa natetemeka. Na mimi kweli sikuwa na mbele wala nyuma. Nikaona umenisema."

Shangazi akagonga mbao, wakamalizia mchezo, sijui vipi. Ngoma ikaanza, watu wakacheza, na wale wawili wakabaki nyuma ya pazia huku mvua ikipiga bati. Hapo ndipo mshonaji alipovunja agizo la baba yake, akalia.

"Alikuulizia mpaka siku ya mwisho," akasema. "Mlango ukigongwa, anadhani ni wewe."

 Hilo halina dawa, na wote wawili walilijua.

Mshonaji akajifuta kwa mkono wa gauni. "Nenda. Basi lisikuache."

"Kweli. Tiketi nimeshakata, na mzigo wangu uko stendi."

Simu yake ikalia mfukoni. Mkono mmoja ulikuwa bado ndani ya Bwana Harusi, wa pili umenaswa kwenye kamba za pazia, basi mshonaji akaitoa simu, akabonyeza, akamwekea sikioni. Aliyepiga alikuwa na sauti ya kuuzia samaki.

"Bosi, kitanda chako hakipiti mlangoni. Nilikuambia, futi sita kwa sita kwa chumba hiki ni kikubwa. Mwenye nyumba anasema uje mwenyewe, si uko hapo tu karakana ya jirani?"

Mshonaji akakata simu taratibu.

"Hilo basi lako," akasema, "linabeba na vitanda?"

Kasuku akamwinua Bwana Harusi ajifiche uso nyuma yake, na hata Bwana Harusi akainamisha kichwa.