Mstari wa Mwisho wa Mzee Placidi

Rafiki yangu Tumpe, mwalimu aliyehamishiwa Lituhi, hutarizi mashairi kwenye vitambaa, akifuatisha mwandiko wa mtunzi herufi kwa herufi. Shairi la marehemu mzee Placidi liliishia njiani, kitambaa kikabaki kitupu kwa chini. Tumpe akaongeza mstari wake mwenyewe, akiiga mwandiko uleule.

Alipokipeleka kijiji cha Lipingo, kando ya ziwa, kwa mjane wa mzee, Mama Gaudiosa alipapasa uzi kwa vidole. "Kumbe alilimaliza?"

"Ndiyo, mama. Ni mkono wake," Tumpe akajibu.

Mama akalia kwa furaha. Akakitandaza kitambaa kwenye kitanda cha mzee, akafunga mlango. Mvua ikaja kutoka ziwani, umeme ukakatika. Wakiwa wawili tu jikoni, wakasikia uzi ukichomolewa kule chumbani. Ta. Ta. Ta. Taratibu, bila haraka.

"Panya hao," mama akasema, lakini hakuinuka.

Tumpe ndiye aliyeingia, akimulika kwa simu. Mstari wake ulikuwa umefumuliwa wote. Uzi ulilazwa juu ya mto, umenyooka, na ncha yake ilikuwa imelowa mate, kama ya mtu anayetaka kuutunga kwenye sindano.